Udongo Haukasiriki

Bi Havijawa amekufa akiamini kwamba nimemsamehe. Aliyenipigia simu kunipa taarifa ni binti yake, Mwajuma, kwa sauti iliyokauka ya mtu aliyelia sana na bado ana wageni wa kuwahudumia. Aliniambia mama amekata roho asubuhi, watamzika baada ya swala ya alasiri, na kwamba kabla hajafa alinitaja. "Alisema Somoe hana kinyongo na mie. Hivyo hivyo, dada. Somoe ni udongo, alishanisamehe zamani." Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu Mbweni. Nikaitikia kama inavyopasa kumwitikia mfiwa, nikamuuliza kama turubai limepatikana, kisha nikaweka simu mezani nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Watu wangeniona wangesema ni uchungu wa msiba. Ilikuwa hasira. Mwanamke yule ameondoka na jibu ambalo sikuwahi kumpa, na sasa sina pa kumfuata.

Nitasimulia mwaka mmoja tu, ule nilioishi nyumbani kwake Mwananyamala kabla sijatimiza miaka ishirini. Nilitoka Lindi nikapokewa kwake kwa kujuana kwa wazee. Hayo mengine tuyaache. Ilikuwa nyumba ya kizamani, korido katikati na vyumba pande mbili, kuta zake hazifiki kwenye bati, kwa hiyo aliyekohoa chumba cha mbele alisikika mpaka uani. Huko uani ndiko tulikoishi hasa. Palikuwa na meko makubwa, masufuria ya shughuli yamepinduliwa yanakauka, na jamvi ambalo sisi wasichana tulikalia kuchambua mchele. Bi Havijawa alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, khitma, maulidi, hata kipaimara cha jirani zetu Wakristo, akiitwa yeye watu walijua hawatarudi nyumbani na njaa. Alikuwa mfupi, mwenye mikono minene yenye nguvu, na asubuhi yote alishinda na kanga imefungwa kifuani akituamrisha. Pilau yake ilisifiwa kuanzia Kinondoni mpaka Temeke. Hilo sitamnyima. Mtu anaweza kuwa dhalimu na bado akajua kuweka chumvi.

Siku yangu ya kwanza, kabla hata sijapewa chai, aliniita nikae mbele yake, akaleta ungo wenye mchele. Akaniuliza jina langu, nikamwambia Somoe. Akauliza, "Na mama yako?" Nikajibu, "Rukia." Alikuwa na hesabu aliyorithi kwa babu yake, kila herufi na idadi yake ya punje. Alizimwaga punje za jina langu na za jina la mama, akazichanganya, kisha akaanza kuziondoa nne nne kwa kidole. Ikibaki moja, nyota yako ni moto. Zikibaki mbili, udongo. Tatu, upepo. Zikiisha zote, wewe ni maji. Zangu zilibaki mbili. Alizitazama, akanitazama, akatabasamu kama mtu aliyenunua punda akaambiwa hapigi mateke. "Udongo," akasema. "Alhamdulillahi. Nilikuwa namtafuta udongo mmoja humu ndani."

Tangu hapo sikuhitaji kuwa na tabia, nilikuwa nimeshapewa. Mwajuma, mwanawe wa pekee, alikuwa moto. Moto, Bi Havijawa alitufundisha tukimenya vitunguu, huwaza upesi, hukasirika upesi na husahau upesi, kwa hiyo usimjibu akiwaka, msubiri azime. Chiku, msichana mwenzetu, alikuwa upepo. Ana maneno matamu, watu wanampenda, siri haikai kwake, basi huyo apelekwe kugawa chakula mbele ya wageni na arudi na habari za mjini. Maji naye hana uamuzi. Ukimmimina kwenye kikombe anakuwa kikombe, ukimmimina kwenye ndoo anakuwa ndoo, ila ana faida moja, anapoza. Na udongo? "Udongo unakanyagwa, unachimbwa, unamwagiwa maji machafu, na bado unakutolea mchicha," alisema, na Chiku akacheka mpaka akadondosha kisu. "Udongo haukasiriki." Basi nikapewa kuni, nikapewa masizi, nikapewa kuosha masufuria, na nikawa wa kuamka kwanza.

Imenichukua miaka kuelewa kwamba nyota za Bi Havijawa hazikueleza hasira zetu. Zilizigawa, na fungu langu lilikuwa sifuri. Siku moja Mwajuma alirusha bakuli ukutani kwa sababu ya kanga iliyochanika. Mama yake hakuinua hata kichwa. "Mwacheni, ndiyo nyota yake hiyo." Nikafagia vipande mimi. Wiki hiyo hiyo na mimi nikavunja bakuli, la aina ile ile. Bi Havijawa akaja mbio akanishika paji la uso. "Umekuwaje leo, mwanangu? Unaumwa?" Akanichemshia tangawizi, akanilazimisha nilale chumbani mpaka adhuhuri. Nilikuwa siumwi popote. Nililivunja kusudi, na nililitazama likianguka. Nilikunywa ile tangawizi nikimchukia kwa kila funda.

Na huyo moto wao, mimi ndiye niliyemjua. Mvua ikija na radi, Mwajuma alikuwa anatoka kwenye kitanda chake anakuja kulala kwangu, ananishikilia kanga kama mtoto wa chekechea. Makelele yake mengi yalikuwa woga. Chiku naye, upepo asiyeweka siri, alitembea na mtu kwa miezi mitano pale mtaani na hakuna aliyejua mpaka walipooana. Niliyaona yote hayo nikiwa na masizi mpaka viwikoni. Watu hawamfichi kitu yule wanayeamini hawezi kukasirika, wanavua nguo mbele yake na wanasengenya mbele yake. Ningekuwa mwizi ningewamaliza siku ya pili.

Shaibu alikuwa fundi seremala Manzese, karakana yake ilikuwa ubavuni mwa barabara ya Morogoro, pale ambapo siku hizi mwendokasi hupita. Asili yake ni huko kwetu kusini, watu wa kuchonga. Aliletwa kutengeneza mabenchi ya shughuli, akaniona nageuza sufuria la pilau kwa mwiko uliokatwa kwa kimo cha Bi Havijawa. Mimi ni mrefu. Nilipinda mgongo kama mpanda mpunga. Akaniambia, "Sista, hebu simama wima nikupime." Akanipima kwa kamba kutoka kiwiko mpaka sakafuni, akaondoka bila neno jingine. Juma lililofuata akaleta mwiko wa mninga, umelainishwa vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu nije mjini nikageuza pilau nimesimama kama mtu. Watu wameolewa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Tukawa tunaongea kwenye mlango wa uani kila alipokuja, na kila mara alikuta benchi jingine linahitaji msumari. Mwishowe akasema, "Mie ntawatuma wazee. Wewe niambie tu kama wakija hawatafukuzwa." Nikamwambia waje.

Walikuja Jumapili asubuhi, wazee wawili, mmoja mjomba wake. Walikaa chumba cha mbele na Bi Havijawa, mimi niko uani nakaanga chapati, na zile kuta zisizofika juu zikaniletea kila neno. Walinitaja mimi kwa jina. Bi Havijawa akanisifu kwanza, kama anayesifu mbuzi asiyemuuza.

"Somoe mtoto mzuri, sina neno. Lakini wenzenu tushapiga hesabu. Kijana wenu ni maji. Somoe ni udongo. Mkichanganya maji na udongo mnapata nini?"

"Tope," mjomba akajibu.

"Haya. Mie ninaye Mwajuma, yule ni moto. Mmoja anachemsha, mwenzie anapoza. Hiyo ndiyo ndoa."

Mzee wa pili akakohoa kidogo. "Na huyu binti tuliyetumwa kwake? Hataumia moyo?"

Bi Havijawa akacheka. "Nani, Somoe? Namjua mie. Hata mkimwambia akapike harusi yao, atapika."

Wazee wakacheka pia, kwa nafuu. Mjomba alikuwa mtu wa kuamini nyota, na Mwajuma alikuwa binti wa mwenye nyumba wakati mimi nilikuwa wa kupokewa tu. Nikaingia na sinia la chapati, nikawaamkia shikamoo, nikawamiminia chai mmoja mmoja. Nilipokuwa nimeshika birika ndipo jibu liliponijia, kwamba kwetu nyumba zote nilizozijua zilijengwa kwa tope. Bibi yangu alizaliwa na kufia ndani ya tope lililokauka vizuri. Sikulisema. Nimelisema mara nyingi tangu siku ile, nikiwa peke yangu, na kila nikilisema nachukia zaidi kwamba sikulisema.

Shaibu alikuja mlango wa uani baada ya siku chache, akasimama upande wa nje. "Wazee washasema, Somoe. Mie ntafanyaje?" Labda kweli alikuwa maji. Au aliambiwa ni maji akaona ni nafuu kuwa hivyo, maana mwoga akishapewa nyota anaacha kuona aibu. Nilimwangalia mpaka akaondoka. Sikulia, na Bi Havijawa alipoona silii akawaambia wanawake wenzake bombani, "Si niliwaambia?"

Harusi nikapika mimi, kama alivyoahidi. Nilifikiria kuiharibu, nisiseme uongo. Nilisimama mbele ya sufuria na chumvi kwenye kiganja, chumvi ya kutosha kumfanya kila mgeni ateme. Lakini nikajiuliza, kesho watasema nini? Watasema Somoe ana wivu, watanihurumia, na wiki ijayo nitarudi kwenye masizi. Kisha nikaona kosa alilolifanya yule mama kwa kiburi chake. Siku hiyo alikuwa mama wa bibi harusi. Hina mpaka viwikoni, dera la kung'aa, amekalishwa mbele na mashangazi, hawezi kukanyaga jikoni. Shughuli zote nyingine alisimama yeye kwenye sufuria wageni wakimwona. Safari hii amenikabidhi mimi, mbele ya mji mzima. Nikarudisha chumvi kwenye kopo. Nikakaanga vitunguu taratibu mpaka vikawa na rangi ninayoitaka, nikapima supu, nikafunika, nikapalia makaa, nikageuza kwa mwiko wangu wa mninga. Sijawahi kupika pilau kama ile, na nimepika nyingi. Wanawake walianza kuja nyuma na sahani mikononi. "Nani kapika leo?" Nikawajibu, "Mie." Wakaniuliza jina, wakaniuliza naishi wapi, na mmoja mwenye binti wa kuozesha akaniuliza kama napokea kazi zangu binafsi. Nikamwambia bado, ila asinisahau.

Siku chache baadaye nyumba ilikuwa tupu, wamekwenda kumtembeza bibi harusi kwa jamaa. Nikachukua ule ungo. Rukia, ambaye nilimtaja siku ya kwanza, ni mama yangu mdogo. Aliyenizaa anaitwa Mwanahawa, alifariki akinizaa, na aliyenilea ni mdogo wake. Kwetu mama mdogo ni mama, huulizwi na huongezi neno. Ukiulizwa mama yako nani unamtaja aliyekufunga nepi. Bi Havijawa ni wa huko huko, alipaswa kulijua hilo kabla ya kumwaga mchele wake. Herufi za Kiarabu nilizijua tangu chuo cha Kurani, na hesabu nilikuwa nimeitazama akimfanyia kila aliyeingia mlangoni. Nikamwaga punje za Somoe na Mwanahawa, nikaondoa nne nne. Ikabaki moja. Nikarudia kuanzia mwanzo, ikabaki moja tena, nyota ya moto. Sikuwa naamini nyota na siamini leo, mchele haujui mtu. Lakini nilicheka peke yangu pale uani mpaka kuku wakakimbia, kisha nikaitia ile punje mdomoni nikaitafuna. Nikaamua sitamwambia mtu. Wakae na udongo wao.

Maana udongo walimwamini. Chiku hakuruhusiwa kuona viungo vinavyochanganywa, kwa kuwa upepo angevitangaza. Mwajuma angevisahau. Mimi Bi Havijawa mwenyewe alijifungia nami chumbani, akanionesha iliki inakwenda kiasi gani na mdalasini, binzari nyembamba ikaangwe mpaka ianze kunukia vipi, na kile kidogo cha kungumanga alichokuwa anakificha hata kwa mwanawe. "Udongo ndio wa kuhifadhi," aliniambia. Nikahifadhi. Kabla mwaka haujaisha nikaaga vizuri, nikasema nakwenda kumsaidia shangazi. Akaniombea dua mlangoni. Nikapanga chumba Manzese, na yule mama mwenye binti wa kuozesha akawa mteja wangu wa kwanza.

Nilimnyang'anya Bi Havijawa mteja mmoja baada ya mwingine, pole pole, bila kumsema vibaya hata siku moja. Alijua kuna mtu anamchimba. Akamgombeza Chiku kwa kuropoka hovyo, akamlaumu Mwajuma kwa kuwakaripia wateja, akazunguka kwa waganga. Kwangu hakuja hata kuuliza. Kila Idi alinitumia sahani ya chakula na salamu, "Kwa mwanangu udongo," na kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu, nami niliijaza pilau yangu nikairudisha. Nilitaka aionje. Nilitaka kila Idi aionje na ajue imeshaipita yake. Mji ukaanza kuniita mimi. Nikanunua kiwanja Mbweni, nikajenga. Ndoa ya Mwajuma haikumaliza mwaka wa nne. Shaibu alinifuata Manzese akiwa ameshamwacha, nikampa kiti, nikampa pilau, akala akiutazama mwiko wake uliotundikwa ukutani. Alipomaliza nikamwambia nina shughuli inanisubiri. Nilisimama dirishani kumtazama akivuka barabara, na nilifurahi, Mungu anajua.

Mwaka huu Mwajuma akanipigia kwamba mama anaumwa na ananitaka. Nilimkuta kwenye chumba kile kile cha mbele, siku hizi kina dari, kinanuka mafuta ya karafuu, uji umeganda kwenye kikombe. Ile mikono minene ilikuwa imebaki ngozi. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu udongo. Kaa hapa. Ile posa ilikuwa yako."

"Najua, mama."

"Na yule kijana sikumpigia hesabu. Jina la mama yake nilikuwa silijui. Nilisema tu maji." Akavuta pumzi. "Nilitaka Mwajuma aolewe na mimi nipo. Naomba radhi yako, Somoe."

Miaka yote ile nilijua nimedhulumiwa, lakini nilidhani angalau alihesabu. Nikafungua mdomo. Akainua mkono kunizuia.

"Usiseme kitu. Nakujua. Ulishanisamehe siku nyingi, udongo haukasiriki." Akafumba macho, akalala palepale, usingizi mzuri wa mtu aliyetua mzigo. Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni anajifuta machozi kwa furaha. Nilibaki nimekaa na jibu langu mdomoni. Niliondoka nikijiambia nitarudi, na majuma yaliyofuata nililipanga neno kwa neno nikiwa jikoni, nikiwa kitandani, nikiwa kwenye foleni. Ndipo ikaja simu ile ya asubuhi.

Siku ya kuanua tanga nilikwenda Mwananyamala mikono mitupu. Walitegemea nitapika, nikamwambia Mwajuma nakuja kama mgeni. Nikakaa mkekani pamoja na wanawake wengine chumba cha mbele. Baada ya dua, mama mmoja mtu mzima akasema maneno yanayosemwa siku hiyo, kwamba kama yupo aliyekosewa na marehemu, basi amsamehe kwa ajili ya Mungu. Chumba kizima kikaitikia, "Tumemsamehe." Mwajuma alikuwa karibu yangu na sinia la chakula. Akapiga magoti.

"Dada, wewe sijakusikia."

"Sikusema."

"Mama alisema ushamsamehe."

"Alisema yeye. Mie hakuniuliza."

Wanawake wakaacha kunong'ona. Mwajuma amenenepa siku hizi, macho yamemchoka, na nywele za mbele zimekuwa nyeupe chini ya ushungi. Nilimsubiri awake. Alimeza mate, akasema kwa sauti ndogo, "Basi nakuuliza mie. Umemsamehe mama yangu?" Kisha akanitazama, na nikatambua kwamba ndani ya nyumba ile ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza kitu na kungoja nijibu.

"Mama yangu anaitwa Mwanahawa," nikamwambia. "Rukia ni mama mdogo. Nilihesabu mwenyewe, punje ilibaki moja."

Waliokuwa wakijua ule ungo walielewa mara moja. Mmoja wao akajivuta nyuma kidogo mkekani. Mwajuma alichelewa, nikaona linamwingia taratibu.

"Na jibu?" akauliza.

"Hapana."

Hakupiga kelele. Alitazama chini, akasema, "Haya, dada," akachukua sahani akanipakulia kama anavyopakuliwa mgeni. Pilau waliyoipika bila mimi ilikuwa inanuka moshi na mchele wa katikati haukuiva. Niliila yote, nikaukwangua ukoko kwa vidole, nikamwomba aniongeze.